Ufadhili wa Binti Yangu na Bwana Niachie-Mimi

Jumamosi, 7 Januari

Leo tumemuaga Profesa. Nimekula kwa adabu, nimepiga makofi kwa adabu, nimerudi nyumbani taya zinaniuma kwa kubana meno.

Profesa ni mtoto wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Jina kapewa na miwani tangu darasa la pili. Kapata ufadhili, anakwenda chuo, kila kitu kinalipwa. Suti aliyoagwa nayo nimeishona mimi na imemkaa! Sina kinyongo na mtoto. Mtoto hana kosa.

Kosa analo baba yake. Mwaka jana Profesa na binti yangu walijaza fomu za ufadhili uleule, meza moja, siku moja. Profesa akapeleka yake mwenyewe. Ya binti yangu shemeji akaidaka: "Niachie mimi, shemeji. Nina mtu pale ofisini." Nikamwachia. Nikamshukuru! Dirisha la maombi likafungwa, majibu yakatoka, jina la mwanangu hakuna. Siku moja akanipa lifti — fomu hiyo hapo, mbele ya usukani, imepauka kwa jua, imewekewa chupa ya maji juu. Nikauliza. Akasema, aa, shemeji, mwaka si huo mmoja tu.

Leo kashika kipaza sauti. Eti katika ukoo huu wapo wanaoamka mapema na wapo wanaolala. Watu wakacheka. Binti yangu alikuwa anagawa soda. Akaendelea kugawa, uso kama hakusikia.

Basi. Humu ndani jina lake ni Niachie-Mimi. Na siku binti yangu atakapoagwa, kipaza sauti nitashika mimi. Nitaisema ile fomu, na gari, na chupa, mbele ya ukoo mzima. Yeye nitamkalisha kiti cha mbele kabisa, asikose neno. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jumatatu, 9 Januari

Foleni mpaka nje ya duka. Wazazi wa mtaa mzima wamegundua leo kwamba shule zinafunguliwa! Sare ya kesho. Sare ya jioni hii. "Pindo utamalizia mtoto akiwa kaivaa." Mama mmoja kalia kabisa. Fundi viatu wa kibanda cha pili kaninong'oneza nimkingie hayo machozi, atalainishia ngozi.

Mimi sare za Januari huzikata Oktoba, duka likiwa limelala. Kumbe kwenye mambo ya ufadhili mimi ndiye huyu mama anayelia! Nilisubiri dirisha lifunguliwe ndipo nikatafuta kalamu. Ufadhili nao lazima una Oktoba yake. Nitaitafuta.

Jumanne, 14 Februari

Nimefunga duka, nimekwenda shule aliyomaliza binti yangu, kumwona Mwalimu wa taaluma. Mwanamke mfupi, mkali, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia nataka ufadhili mwaka huu. Akauliza upi. Nikasema wowote. Akacheka. Akasema hapo ndipo wazazi tunapokwama — tunatafuta "wowote", tena wiki ya mwisho.

Akaniketisha, akanionyesha mwaka unavyokwenda. Upo mfuko wa kampuni moja, unafunga Machi. Upo ufadhili wa ng'ambo, unafunga Julai. Upo ufadhili wa sayansi, fomu zinapokelewa Juni, usaili Agosti, makaratasi ya mwisho Septemba. Barua za mapendekezo ziombwe sasa hivi. Ukimwomba mwalimu barua wakati anasahihisha mitihani, atakuandikia mistari mitatu ya hasira. Nakala za cheti zipigwe mhuri mapema. Insha ianze kabla hata fomu haijatoka, maana maswali yao hayabadiliki: wewe ni nani, unataka nini, kwa nini wewe na si mwingine.

Nimerudi nikachukua ile karatasi ya kahawia ninayochorea mitindo, nikaibandika ukutani nyuma ya cherehani. Miezi yote. Wateja wanadhani ni oda. Mwishoni nimechora duara jekundu. Binti akauliza hilo la nini. Nikamwambia hiyo ni siku yangu.

Alhamisi, 2 Machi

Fomu ya kwanza imekwenda! Nimeipeleka kwa mkono wangu na sikuondoka mpaka karani alipoigonga mhuri nikiona. Akasema mama, unaweza kuniachia. Nilimtazama mpaka akaugonga.

Insha tumeandika wote. Yaani mimi nimesema, yeye kaandika. Walitaka aeleze kikwazo alichokutana nacho katika maisha. Nikasema andika: kikwazo changu kina gari jeupe na kitambi. Binti akaacha kuandika. Mama, kitambi ni lazima? Lazima!

Anataka udaktari wa mifugo, huyu mtoto. Nyumbani kwetu hata paka hatuna. Nilimuuliza kaupata wapi huo wito, akasema nitamcheka. Sikuendelea kuuliza, nilikuwa bado kwenye aya ya chupa ya maji.

Ijumaa, 19 Mei

Wa kampuni wamekataa. Barua fupi, adabu nyingi.

Nimempelekea Mwalimu nakala ya insha atuambie tumeanguka wapi. Alianza kuisoma amesimama, akamaliza amekaa. Akasema mama, hii si insha, hii ni hati ya mashtaka. Baba yake mkubwa nimemjua vizuri, hata akipita njiani nitamtambua. Mtoto mwenyewe sijamwona. Na katika kurasa mbili za mtu anayetaka kutibu ng'ombe, ng'ombe hayumo hata mmoja!

Nimetembea mpaka nyumbani kwa hasira. Shemeji huyu! Hata insha kaniharibia.

Jumapili, 4 Juni

Binti kaninyang'anya kalamu. Kwa heshima zote, lakini kaninyang'anya. Insha ya ufadhili wa sayansi anaandika mwenyewe, na sitaisoma. Nikamwambia mimi ni mama yako. Akasema ndiyo mama, lakini chuo nakwenda mimi.

Nikaenda kupiga pasi mashati ambayo yalikwisha pigwa pasi.

Na ule wa ng'ambo umetuponyoka. Kumbe wanataka mtihani wa lugha kwanza, na nafasi za kuufanya zilijaa tangu Machi. Mimi niliandika siku ya kufunga tu, sikuandika kinachotangulia! Fundi mzima, nimehesabu siku ya kuvaa nikasahau siku ya kununua kitambaa. Nimeukata mwezi wa Julai kwa mkasi, umebaki mwanya ukutani.

Basi umebaki wa sayansi peke yake. Na mwakani hawamchukui tena, wanataka waliomaliza shule ndani ya miaka miwili. Akikosa huu ndiyo basi, atakaa hapa anapinda mapindo mpaka azeeke kama mimi. Na Niachie-Mimi atapata hotuba ya kila harusi.

Jumatano, 14 Juni

Jana tumewasilisha, kabla ya msongamano. Barua za walimu zilikuwa tayari tangu Machi, nzuri, ndefu, hazina hasira. Nilijisikia mtu.

Leo nani kaingia dukani? Yeye! Kachaguliwa mwenyekiti wa ushirika wao, ataapishwa Julai, anataka suti. "Fundi ni wewe tu, shemeji, wengine wababaishaji." Akaitazama karatasi yangu ukutani, akauliza oda za nani hizo. Nikasema za shule. Akasema vizuri, vizuri, jitahidi.

Jitahidi!

Nikampima mabega, nikampima kiuno. Nilipozunguka nyuma kumpima kuja chini nikapata wazo. Limenikaa kichwani mpaka sasa na wala sitaki litoke. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, 8 Julai

IMEACHIA!

Wifi yangu kaja mbio kunisimulia, hata kukaa hakukaa. Yeye ni dada yao, alikuwepo ukumbini. Shemeji kaapa vizuri, kapigiwa makofi, kaletewa maua na mtoto mdogo. Kainama kuyapokea. Wifi anasema mlio ulifika mpaka viti vya nyuma. Chupi ya bluu! Mwenyekiti kamalizia sherehe kajifunga koti kiunoni.

Suruali yake mshono wa nyuma sikuupitisha kwenye cherehani. Nilipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kwa muda. Kwa nje huoni kitu. Koti nimelishona kwa moyo wote, maana jina langu nalo lina heshima yake.

Wifi alipoondoka nimecheka mpaka nimekaa sakafuni. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mume wangu yupo. Binti katoka ndani, akauliza kuna nini. Nikamwambia. Hakucheka. Akasema, Mama, na wateja wengine wakisikia? Kisha akaenda kuanua nguo.

Hana damu ya moto huyu. Sijui kamrithi nani.

Alhamisi, 3 Agosti

Usaili leo. Kavaa sketi niliyomshonea, mshono mara mbili kila mahali. Kaingia asubuhi, katoka mchana. Nikauliza wameuliza nini. Wameuliza kuhusu ng'ombe, mama. Ukasema nini? Nikawajibu kuhusu ng'ombe.

Hayo ndiyo niliyopata kwa siku nzima ya kumsubiri kwenye benchi.

Wiki hizi naifanyia mazoezi hotuba yangu nikiwa nashona. Naanza taratibu, nawashukuru wageni, kisha nauliza: nani kati yenu anajua fomu inachukua muda gani kupauka juani? Hapo nanyamaza. Hapo wote wanamgeukia. Fundi viatu kachungulia, "Mama, unagombana na nani?" Nikamwambia na mteja. Akasema huyo mteja namhurumia.

Jumatatu, 4 Septemba

AMEPATA! Amepata, amepata, amepata!

Mwalimu kapiga simu dukani, anapiga kelele kama msichana. Binti kaninyanyua juu na uzito wote huu. Nimefunga duka mchana kweupe. Nimeitazama ile karatasi ukutani, nikaligusa duara jekundu kwa kidole. Nikaanza kuhesabu viti.

Jioni

Nimesoma ukurasa wa pili wa barua. Wanataka fomu ya kukubali, yenye sahihi ya mlezi, na jina la mlezi liwe lilelile lililo kwenye kumbukumbu za shule. Iwe imefika ofisini kwao Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya saa kumi. Isipofika, nafasi anapewa anayefuata.

Mlezi kwenye kumbukumbu za shule ni Niachie-Mimi.

Nani alimwandika? Mimi! Mume wangu alikuwa hajamaliza arobaini, mtoto anaingia sekondari, wifi na wazee wote wakasema mtoto wa marehemu hawezi kuandikwa jina la mwanamke, itaonekana ukoo umemtupa. Mwandike baba yake mkubwa, ni heshima tu, ni karatasi tu. Sikuwa na nguvu za kubishana, nilikuwa na msiba. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 7 Septemba

Shule wanasema kubadilisha mlezi ni mpaka mahakamani. Mahakamani wanasema miezi miwili, kama hakimu hayupo likizo. Ofisi ya ufadhili wanasema sheria ni sheria. Nimelia mbele ya karani kijana, kanipa tishu, hakunipa njia.

Mwaka mzima nimepanga. Barua, mihuri, nakala, insha. Hili halikuwa kwenye karatasi.

Jumapili, 10 Septemba

Wifi kaja. Safari hii kakaa. Anasema kaka yake aliipeleka ile suruali kwa fundi mwingine. Fundi kaigeuza ndani nje, kaichungulia, kamwambia mzee, hii hawakuisahau, hii wamekufanyia. Anajua! Anajua tangu Julai na hajasema neno kwa mtu yeyote ila dada yake.

Nikasema siendi kwake. Wifi akasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia abusu yeye. Akasema mimi sina mtoto wa kupeleka chuo.

Binti alikuwa mlangoni. Akasema, mama, usihangaike, nimeshampigia. Anakuja Ijumaa mwenyewe.

Bila kuniuliza! Nikamwambia umeniuza kwa adui. Akasema ni baba yangu mkubwa, mama. Kisha akasema — polepole, anakunja kitambaa — kwamba kuna siku anashindwa kujua kama mwaka huu wote tulikuwa tunamtafutia yeye chuo, au tunamtafutia baba mkubwa aibu.

Nimemwambia kwa hasira kwamba vyote viwili vinabebeka kwa mkono mmoja. Hatujazungumza tangu hapo.

Ijumaa, 15 Septemba

Yupo sebuleni sasa hivi. Mimi nipo jikoni, natengeneza chai. Daftari hili hukaa kwenye kabati la vyombo, na nisipoandika nitavunja kitu.

Kaja na lile koti langu, na suruali ya rangi nyingine. Kasalimia vizuri. Suruali ya Julai hajaitaja. Nilikuwa na majibu matatu tayari na hajaitaja! Kaisoma fomu yote na miwani puani, kurasa zote mbili. Kisha kaiweka gotini. Akasema shemeji, kusaini nitasaini, mtoto ni wetu. Ila siku ya kumuaga nataka nisimame mimi kama baba yake. Niseme mimi. Wewe umefanya kazi kubwa, utakaa, utapumzika. Nipe neno lako tu, nami natia sahihi sasa hivi.

Nimwachie yeye! Hata hili nimwachie yeye!

Nikasema ngoja nilete chai.

Saa nane imeshapita. Ofisi ni mbali.

Mlango huu hauzuii sauti. Anaongea na binti, kashusha sauti lakini nasikia. Anamwambia kuhusu ile fomu. Anasema pale ofisini hakuwa na mtu. Hajawahi kuwa na mtu. Alikwenda mara ya kwanza, mlinzi akamrudisha. Akaenda tena, akarudishwa tena, na siku zikawa zimekwisha. Akashindwa kurudi kuniambia, kwa sababu alishajisifu. Ikakaa garini. Anasema kila asubuhi alipoingia kwenye gari aliiona, akaona aibu kuitupa. Anamwambia, mwanangu, nisamehe.

Sitaki kusikia! Nimefungua bomba la maji, nimegonganisha sufuria. Kwa nini amwambie yeye? Kwa nini leo? Mwaka mzima nimemjengea huyu mtu kiti cha mbele, na sasa anataka kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Nani kamruhusu? Na mbele ya watu hatasema hivyo, namjua. Mbele ya watu atasema "tulihangaika". Tulihangaika! Ukoo wote utampigia makofi, na mimi nitakuwa nimekaa nimepumzika.

Naweza kusema ndiyo, kisha siku yenyewe nikanyanyuka. Nani atanishika? Lakini binti atanitazama.

Naweza kusema hapana. Atakasirika, au hatakasirika, na saa kumi itafika.

Neno lenyewe ni fupi tu. Nimejaribu kulisema hapa peke yangu, kwa sufuria. Halitoki.

Binti anaongea. Anasema, sawa baba mkubwa. Utasimama wewe. Utasema wewe. Mimi nimekubali, na anayeagwa ni mimi.

Kanisemea! Kamkabidhi siku yangu kama anampa glasi ya soda.

Shemeji kasema haya basi, mwanangu, lete kalamu. Nasikia droo zinafunguliwa. Nyumba ya fundi, chaki kila kona, penseli kila kona, na hawa wanataka wino. Kalamu ya wino humu ndani ni moja tu. Chai imefurika, imezima moto.

Binti kaja mlangoni. Kaiona kalamu mkononi mwangu. Kanyoosha mkono.

Nimemwambia ngoja nimalizie mstari huu. Nimeumaliza. Nimeanza mwingine.